Sura ya Sita: Gari Limepita, Lakini Limepita Nini?

Muuzaji wa gari la zamani la michezo ana kauli moja anayoipenda kuliko zote: "Limepita ukaguzi juzi tu, halikukutwa na kasoro hata moja." Huisema akiwa ameegemea boneti iliyong'arishwa, na mara nyingi haongopi. Cheti anacho, tarehe ni ya juzi kweli, na kituo kilichokitoa kina kibali halali. Ila mnunuzi husikia jambo jingine kabisa. Yeye husikia kwamba gari ni zima. Kati ya kupita ukaguzi na kuwa zima pana umbali, na wengi hulipa pesa nyingi kuujua umbali huo wakiwa wameshakabidhiwa ufunguo. Sura hii itaupima kwa kutumia gari moja katika nchi moja: Mazda MX-5 nchini Uingereza.

Gari hili linafaa kwa kazi hiyo kwa sababu ni gari la michezo la mtu wa kawaida. Mwaka 1979 mwandishi wa magari wa Kimarekani, Bob Hall, alimweleza Kenichi Yamamoto, mmoja wa wakuu wa uhandisi wa Mazda, kwamba dunia imeishiwa magari mepesi ya wazi ya mtindo wa Waingereza: viti viwili, injini mbele, nguvu nyuma, paa la turubai. Miaka 10 baadaye, Februari 1989, MX-5 ilioneshwa kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya magari ya Chicago. Kizazi cha kwanza, kile chenye taa zinazochomoza, kiliendelea hadi 1997. Cha pili kilifuata 1998 hadi 2005. Mwaka 2016 Mazda ilitengeneza MX-5 ya milioni moja.

Chini ya boneti hakuna miujiza. Injini ni ya silinda 4, lita 1.6 au 1.8, ya ukoo uleule wa injini zilizofungwa kwenye Mazda Familia za miaka ya 90. Fundi wa Dar es Salaam au Mombasa aliyewahi kuzifungua hizo asingekuta kitu kigeni humu. Ikibadilishiwa oili kwa wakati na isiachwe kuchemka, injini hii hudumu. Kwa hiyo MX-5 ya miaka 20 na zaidi haifi kwa injini. Inakufa kwa bati. Na Uingereza, ambako barabara humwagiwa chumvi kila majira ya baridi ili zisigande barafu, bati lina adui asiyepumzika.

Mkaguzi na mipaka yake

Ukaguzi wa lazima wa Uingereza huitwa MOT, kwa herufi za iliyokuwa Wizara ya Uchukuzi. Ulianzishwa mwaka 1960 wakati Ernest Marples akiwa waziri, ukiwalenga wenye magari ya miaka 10 na kuendelea, na ukiangalia breki, taa na usukani tu. Muda si mrefu umri ulishushwa hadi miaka 7, na mwaka 1967 ukashushwa tena hadi miaka 3, ambako upo mpaka leo. Baada ya hapo gari hukaguliwa kila mwaka. Ada ya juu kwa gari dogo ni pauni 54.85.

Tuingie na MX-5 ya mwaka 2001 ndani ya kituo. Mkaguzi anaanza na taa, honi, waipa, mikanda na vioo. Anapima kina cha kashata za tairi, ambacho hakitakiwi kuwa chini ya milimita 1.6. Gari linapandishwa kwenye roli za kupimia breki, na hapa MX-5 nyingi za zamani huanza kutoa jasho: kaliba za nyuma zina tabia ya kugoma, hasa kwa gari linalokaa sana bila kuendeshwa, na handibreki hukosa hata ule ufanisi wa asilimia 16 unaodaiwa. Kisha gari linanyanyuliwa. Mkaguzi anazungusha magurudumu kwa mikono akisikiliza beringi, anapenyeza nondo kwenye bushi na boljointi kutafuta mchezo, anakagua mabomba ya breki na ekzosi, halafu anageukia bodi.

Kutu anaitafuta kwa vidole na kifaa kidogo butu. Anabonyeza kwa kidole gumba, anagonga kidogo kidogo, anasikiliza. Bati zima hulia kwa sauti kavu. Bati lililooza hutoa sauti iliyofifia, au hubonyea. Zipo sehemu anazotakiwa kuwa mkali nazo zaidi: eneo lote lililo ndani ya sentimita 30 kutoka pale inapofungwa mikono ya magurudumu, usukani, breki au mikanda ya usalama. Bati likiwa limedhoofika vibaya humo, gari limeanguka. Nje ya hapo, kutu ileile inaweza kuachwa ipite isipokuwa kama inatishia usukani au breki. Na ukarabati wa sehemu hizo lazima uwe wa kuchomelea bati kwa bati, mshono mzima. Puti na fiberglasi hazikubaliki.

Hadi hapo ni kazi ya kuheshimika. Lakini sheria hiyohiyo inayompa mkaguzi madaraka imemfunga mikono. Haruhusiwi kufungua kitu. Kava ya plastiki iliyofunika kitu hapaswi kuitoa, zulia hapaswi kulibandua, na tabaka la rangi nyeusi ya kuzuia kutu hapaswi kulikwangua. Zaidi ya hayo, hali ya injini, klachi na giaboksi havimo kabisa katika mtihani. Gari linaweza kuwa na klachi inayoteleza na giaboksi inayolia, likatoka na cheti safi, na hakuna aliyevunja sheria.

Vizingiti na boriti

Sasa tazama jinsi MX-5 inavyooza, kwa sababu inaoza mahali palepale ambapo jicho la mkaguzi halifiki.

Mvua inayonyesha juu ya paa la turubai huteremka hadi kwenye mfereji mdogo nyuma ya viti, kisha huingia kwenye mirija miwili, mmoja kila upande, inayoshuka ndani ya bodi na kumwaga maji chini, karibu na gurudumu la nyuma. Wahandisi walifanya kazi yao vizuri. Lakini gari hupakiwa chini ya miti, majani hukusanyika, vumbi hugeuka tope, na mirija huziba. Maji yakikosa njia hutafuta nyingine. Huloweka zulia nyuma ya viti na kujipenyeza hadi kwenye vizingiti, yaani zile boriti tupu za bati zinazopita chini ya milango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Matundu ya kutolea maji chini ya vizingiti nayo yakiziba, bati hubaki limelala ndani ya unyevu miezi mizima.

Kutu hii huanzia ndani. Kwa nje rangi inang'aa. Siku unapoona malengelenge mawili matatu madogo mbele ya tairi la nyuma, ujue bati la nje ndilo la mwisho kupata habari. Tabaka za ndani zimeshaliwa. Na kwa kuwa pembe hiyo ya nyuma mara nyingi huangukia ndani ya zile sentimita 30 za mkanda wa usalama au za magurudumu, siku kidole kitakapopenya, gari litaanguka. Mwaka mmoja kabla, kidole hakikupenya. Gari lilipita.

Kizazi cha pili kina ugonjwa wa ziada. Boriti mbili za mbele, zinazobeba injini na magurudumu, ziliimarishwa kwa bati la pili ili gari liwe gumu zaidi wakati wa ajali. Kati ya mabati hayo mawili maji na chumvi huingia kwa urahisi na kutoka kwa shida. Boriti hufura polepole na kuanza kubanduka kama mkate wa maji, na yote haya hutendeka juu ya kava ya plastiki iliyofungwa chini ya injini. Mkaguzi anaiona kava. Boriti haioni, au anaona kipande chake tu. Fundi anayefungua bolti chache za kava hiyo kwa ajili ya kumwaga oili anaweza kugundua ndani ya dakika 10 jambo ambalo vyeti vya miaka mitano mfululizo havikulitaja.

Hapo ndipo rangi nyeusi ya kuzuia kutu inapogeuka kuwa kitu cha kushukiwa. Ikipakwa juu ya bati safi, ni kinga bora. Ikipakwa wiki moja kabla ya ukaguzi juu ya bati lililooza, ni sitara. Mkaguzi hawezi kuikwangua. Mnunuzi mwenye busara akiona uvungu mweusi ti unaonukia upya kwenye gari la miaka 20, haulizi nani kapaka. Anauliza kama kuna picha zilizopigwa kabla ya kupaka.

Cheti kimoja hakitoshi, soma vyote

Kama ukaguzi una vipofu kiasi hiki, una faida gani? Ipo, tena kubwa, lakini haimo kwenye cheti cha mwisho. Imo kwenye mfululizo wa vyeti vyote.

Serikali ya Uingereza imeweka historia ya MOT wazi kwenye intaneti. Ukiwa na namba ya gari tu, bila kulipa hata senti, unaona kila mtihani tangu kumbukumbu zilipoingizwa kwenye kompyuta mwaka 2005: tarehe, maili, kama lilipita au lilianguka, na sababu. Tangu Mei 2018 kasoro hupangwa kwa madaraja: za hatari, kubwa na ndogo. Pembeni yapo maangalizo, mambo ambayo mkaguzi ameyaona lakini hayajafikia kiwango cha kuangusha gari. Maangalizo ndiyo sehemu ya thamani kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na wengi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwaka 2016 MX-5 inapita ikiwa na angalizo: kutu ya juujuu chini ya gari. Mwaka 2017, angalizo lilelile, sasa likitaja kizingiti cha kushoto nyuma. Mwaka 2018, kimya. Cheti safi, kituo kingine. Mwaka 2019, safi tena, lakini pana angalizo kwamba uvungu umepakwa rangi nzito ya kuzuia kutu. Mwaka 2020 gari linatangazwa kuuzwa, "MOT safi miaka miwili mfululizo." Anayesoma cheti kimoja anaona gari zuri. Anayesoma vyote anajiuliza swali rahisi: ile kutu ya 2017 ilikwenda wapi? Kutu haiponi yenyewe. Ama ilikatwa na bati jipya likachomelewa, na hapo lazima pawe na risiti na picha, ama ilifunikwa.

Maili nazo zina mengi ya kusema. Zikishuka kutoka mwaka mmoja hadi mwingine bila maelezo, mita imechezewa. Zikiongezeka maili 300 tu kwa mwaka, usifurahi haraka. Gari la wazi linalotolewa nje siku chache za jua tu huwa na maili za kuvutia, na pia huwa na diski za breki zenye kutu, kaliba zilizogoma na tairi kuukuu zenye kashata nzima. Sheria inapima kina cha kashata. Umri wa tairi la gari dogo hauliangushi gari, hadi mpira upasuke kiasi cha kuonekana. Umri huo unausoma mwenyewe ubavuni mwa tairi: tarakimu 4 za mwisho za msimbo wa DOT. Ukikuta 1809, tairi lilitengenezwa wiki ya 18 ya mwaka 2009, hata kama kashata zake ni nzuri namna gani.

Kuna jambo jingine linalotia ukungu kwenye mfululizo huu. Uingereza, gereji inayokagua inaruhusiwa pia kutengeneza. Ada ya ukaguzi ni ndogo, faida iko kwenye matengenezo. Kishawishi kinavuta pande mbili: mkaguzi mmoja atakuza kasoro apate kazi, mwingine atafumba jicho asimpoteze mteja wa miaka mingi. Ndiyo maana baadhi ya wenye magari hupenda vituo vya halmashauri, ambavyo havifanyi matengenezo ya magari ya wateja na kwa hiyo havina cha kuuza. Unaposoma historia, tazama pia kama gari limebadilisha vituo mara tu baada ya kuanguka au kupewa angalizo zito.

Kwa nini Porsche 911 huongoza

Wapo watakaosema: basi tuachane na gari moja moja, tutazame takwimu za aina nzima. Ujerumani zipo. Mashirika ya TÜV, ambayo asili yake ni chama cha ukaguzi wa boila za mvuke kilichoundwa Mannheim mwaka 1866 baada ya boila ya kiwanda cha bia kulipuka mjini humo, leo hukagua mamilioni ya magari. Huko gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na matokeo hutolewa katika ripoti ya kila mwaka, aina kwa aina, umri kwa umri.

Ukiifungua ripoti hiyo unakuta jambo la kushangaza. Mara kwa mara Porsche 911 imekuwa juu kabisa au karibu na juu, hata katika makundi ya magari yenye umri wa miaka 10 na kitu. Na mkiani kwa miaka mingi ilikaa Dacia Logan, gari rahisi la familia lisilo na makuu. Je, gari la michezo la kasi ya kilomita 280 kwa saa ni imara kuliko gari la kupelekea watoto shule?

Tazama namna yanavyoishi. 911 hulala gerejini, hutoka wikendi, haiguswi na chumvi ya Januari, na mwenye nayo huipeleka kwa fundi kabla ya siku ya ukaguzi ili asiaibike. Logan hubeba saruji, huendeshwa kila siku mvua na theluji, na mwenye nayo husubiri mkaguzi amwambie kipi kimeharibika. Kwa mwenye Logan, ukaguzi ndio uchunguzi wa kwanza. Kwa mwenye 911 ni wa pili, na majibu anayo. Ripoti yenyewe huonesha wastani wa kilomita za kila gari, na tofauti hujisemea. Kwa hiyo asilimia zile zinapima gari pamoja na mfuko wa mwenye gari, na hakuna namna ya kuvitenganisha kwa kuangalia jedwali.

Tena tazama kisichopimwa. 911 nyingi zilizotengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 90 hadi 2008 zina sifa ya beringi moja iliyojificha ndani ya injini, inayoshika shafti ya kati. Ikivunjika, injini inanoki, na bili yake inaweza kukaribia bei ya gari lenyewe. Marekani wamiliki wa magari ya 2001 hadi 2005 walifungua kesi ya pamoja kuhusu beringi hiyo, ikaishia kwenye makubaliano ya fidia. Lakini kwa mkaguzi wa usalama barabarani, beringi hiyo haipo. Haigusi breki, haigusi usukani. Gari linaweza kupita asubuhi na kunoki jioni, na asilimia zake kwenye ripoti zisitikisike.

Kwa mnunuzi wa huku

Haya si ya Wazungu peke yao. Magari ya usukani wa kulia yanayotoka Uingereza na Japani ndiyo yanayojaza barabara zetu, na kila moja hufika na karatasi yake. Kenya haipokei gari lililopita miaka 8, na hudai cheti cha ukaguzi kabla gari halijapakiwa melini. Tanzania kila mwaka tunaona stika za Wiki ya Nenda kwa Usalama vioo vya mbele. Gari la mnada wa Japani huja na karatasi yenye alama ya daraja, na herufi R kwa lililowahi kupata ajali na kutengenezwa. Zote hizi ni nyaraka za maana. Hakuna hata moja inayosema gari ni zima.

Kwa hiyo, mbele ya cheti chochote, uliza mambo matatu. Kwanza, mkaguzi aliruhusiwa kutazama nini, na alikatazwa kufungua nini? Pili, kabla ya cheti hiki vipo vingapi, na vinakubaliana? Anayenunua gari lililotoka Uingereza, hata akiwa Nairobi, ana namba ya zamani kwenye nyaraka zake; aiandike kwenye ukurasa wa historia ya MOT asome miaka yote. Tatu, nani analipwa na nani gari likipita?

Halafu lipa fundi wako, asiyejuana na muuzaji, afanye yale mkaguzi aliyokatazwa. Anyanyue zulia nyuma ya viti na kugusa kama pana unyevu. Amwage maji kwenye mirija na kuona yanatokea wapi. Afungue kava ya chini ya injini na kumulika boriti tochi. Apande mlima na gia ya nne kusikiliza klachi. Muuzaji akikataa, kukataa kwake ni jibu, na halikugharimu kitu. Akikubali na kutu ikaonekana, si lazima ukimbie. MX-5 iliyooza vizingiti bado ni gari linalotengenezeka, na wachomeleaji wazuri wapo. Ila bei ya kuchomelea itoke kwenye bei ya gari kabla ya kusaini, maana baada ya hapo itatoka mfukoni mwako.